Mtoto anayejua ngeli hashindwi na "does"

Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa darasa la Jumamosi, na tumeamua kuongea juu ya sarufi ya Kiingereza kwa watoto. Tunajua kuna atakayesema, "Sarufi? Na hizi shida zote za kodi ya nyumba na bei ya mkaa?" Ngojeni kidogo. Kwetu hapa sarufi imekuwa jambo la mtoto kubaki shuleni au kutoka. Mara nyingine imekuwa jambo la mama kuhudumiwa au kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa wasiotujua: sisi ni vijana wachache wakimbizi, Wakongomani na Warundi, tuliomaliza sekondari. Baadhi yetu tulikulia Gihembe, ile kambi ya Gicumbi iliyofungwa 2021 na watu wakahamishiwa Mahama. Wengine tulianza kujitolea Mahama penyewe, kambi iliyofunguliwa 2015 Warundi walipokimbia. Sasa tumepanga vyumba hapa Busanza, sekta ya Kanombe, na kazi ya kujitolea tumekuja nayo. Kila Jumamosi alasiri tunakusanya watoto kwenye kibaraza cha mama mmoja jirani. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunangoja kwanza umuganda uishe. Ubao wetu ni mlango wa zamani tuliopaka rangi nyeusi. Ndege ya Kanombe ikipita juu tunanyamaza wote, ikishapita tunaendelea.

Kwanza tuseme kwa nini Kiingereza ni mlima kwa wadogo zetu. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu P1. Mtoto aliyeanza shule hapa anakua nacho pole pole. Lakini mtoto aliyetoka Kongo alisoma kwa Kifaransa, na wa Burundi alisoma kwa Kirundi halafu Kifaransa. Akifika hapa katikati ya safari, anakuta hesabu, sayansi na somo la jamii vyote vinasemwa kwa Kiingereza. Na mtihani wa taifa wa P6, ukiacha karatasi ya Kinyarwanda, unakuja kwa Kiingereza.

Tuwape mfano wa hesabu. "A farmer had 12 goats. He sold 5. How many goats are left?" Tuliandika swali hili ubaoni, na mtoto wa miaka kumi na moja akakaa kimya. Tukamuuliza kwa Kiswahili: mkulima alikuwa na mbuzi 12, akauza 5, wamebaki wangapi? Hata hatukumaliza, akasema saba. Kutoa anajua sana. Kilichomfunga ni "left". Yeye alifundishwa kwamba "left" ni kushoto, sasa akawa anatafuta mbuzi wa kushoto. Pia hakujua kwamba "sold" ni "sell" iliyovaa wakati uliopita. Kwenye karatasi ya mtihani mtoto kama huyu anapata sifuri ya hesabu kwa kosa ambalo si la hesabu.

Sasa tuje kwa msichana mmoja, jina lake tunaliacha. Ana miaka 13, ametoka upande wa Kivu Kusini. Kule alikuwa ameshafika darasa la sita. Hapa, kwa sababu ya Kiingereza, aliwekwa P4 pamoja na watoto wa miaka tisa na kumi. Anawapita wote kwa urefu. Wiki za kwanza alijibu swali moja, wadogo wakacheka, na tangu siku hiyo akafunga mdomo. Mama yake anafua nguo za watu na ana mtoto mchanga mgongoni. Alituambia waziwazi: "Kama shuleni anakaa bubu, afadhali akae nyumbani anishikie mtoto." Hatuwezi kumlaumu mama. Anapiga hesabu ya chakula. Yule msichana naye alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Kule nilikuwa wa pili darasani. Hapa mimi ni bubu."

Tulimwomba mama atupe mpaka mwisho wa muhula. Halafu Jumamosi ile hatukumfundisha Kiingereza hata kidogo. Tulimwambia, leo wewe ndiye mwalimu wetu wa Kiswahili. Tukaandika neno "zuri" ubaoni. Tukamuuliza: mtoto? Akasema, mzuri. Watoto? Wazuri. Kitabu? Kizuri. Nyumba? Nzuri. Miti? Mizuri. Maua? Mazuri. Alitiririka kama maji, hakukwama hata mara moja. Tukamuuliza nani alikufundisha? Akasema, "Hakuna. Ninajua tu."

Hapo ndipo tulipomwambia habari ya wazungu wa zamani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Alikaa miaka anasikiliza na kuandika, na mwaka 1850 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Edward Steere, Mwingereza aliyeishi Zanzibar, akatoa chake 1870. Hawa walikuwa watu wazima, wasomi, na ilibidi wapange ngeli kwenye majedwali ili wasipotee. Wewe, dada, hilo jedwali lote liko kichwani mwako na hujawahi kuliona kwenye karatasi. Mtu mwenye sarufi kubwa namna hiyo anaogopa nini kwa herufi moja ya "s"?

Jamani, aliinua uso. Tunasema tulichokiona.

Kuanzia siku hiyo tulibadilisha namna ya kufundisha darasa zima. Kila kanuni ya Kiingereza tunaitafutia daraja kutoka lugha ambayo mtoto anayo tayari. Tunawapa hapa madaraja matano, mkitaka mchukue.

La kwanza ni hiyo "s". Kwa Kiswahili kitenzi kinabadilika mbele kufuatana na mtu: ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma. Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na mikia tofauti kwa watu tofauti, "thou readest", "he readeth". Siku zikapita, mikia ikadondoka, ukabaki mmoja tu, wa mtu wa tatu peke yake: "she reads". Watoto wanachanganya kwa sababu jina nalo linachukua "s" ya wingi. Tunawaambia: wasichana wawili ndugu wako na kitenge kimoja. Mmoja akikivaa, mwenzake anakikosa. "The girl reads": kitenzi kimevaa. "The girls read": jina limevaa. Majina kama "children" na "men" hayatumii kitenge hicho kabisa, yana nguo yao, na hayo tunayasoma peke yake baadaye.

La pili ni "do", "does" na "did". Kwa Kiswahili swali unaliweka kwa sauti tu, au unatanguliza "je": Je, unajua? Kiingereza kinatanguliza "do": "Do you know?" Mpaka hapo mtoto anaelewa haraka. Ugumu ni kwamba "do" ikija mbele inabeba mzigo wote. Ikiwa ni mtu wa tatu, "s" inahamia kwake: "Does she know?" Kitenzi kinabaki mtupu, hatusemi "knows" tena. Ikiwa ni jana, "did" inabeba jana: "Did he go?" Hatusemi "Did he went?" Tunawaambia watoto: ukishampa mwenzako ndoo aibebe, usiibebe tena wewe. Na kukana ni hivyo hivyo. "Hasomi" yetu inabadilika mbele na nyuma, ha- na -i. Wao wanaweka "does not" na kitenzi kinatulia: "She does not read."

La tatu ni "a" na "the". Watu wazima wengi wanasema hivi vitu havipo katika Kiswahili, basi ni vya kukariri tu. Lakini sikilizeni bibi anavyoanza hadithi: "Palikuwa na mzee mmoja. Yule mzee alikuwa na ng'ombe mmoja. Yule ng'ombe..." Mara ya kwanza anasema "mmoja", mara ya pili anasema "yule". Basi hapo tayari: "There was a man. The man had a cow. The cow..." Kitu kikiingia mlangoni mara ya kwanza ni "a". Kikishajulikana ni "the". Matumizi mengine yapo mengi, lakini mtoto wa P4 akishika hili anaweza kusimulia hadithi nzima.

La nne ni kuwa na kuwa na, yaani "am" na "have". Mtoto wetu anasema "I have ten years", "I have hunger". Usimcheke. Kiswahili kinasema nina miaka kumi, nina njaa. Kifaransa nacho kinasema hivyo hivyo, kwa kitenzi cha kuwa na. Lugha zake mbili zinamuunga mkono! Kiingereza ndicho kinachoenda njia yake: "I am ten years old", "I am hungry". Tunawaambia: Mwingereza njaa yake haibebi mkononi, yeye mwenyewe ndiye mwenye kugeuka. Anakuwa na njaa kama mtu anavyokuwa mrefu au mfupi. Wakishaelewa kwamba kosa lao lina sababu, wanalirekebisha wenyewe.

La tano ni wakati. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "Mama anauza ndizi" tukimaanisha hata sasa hivi, hata kila siku. Kiingereza kinatenganisha: "Mother is selling bananas" ni sasa hivi ukimtafuta utamkuta, "Mother sells bananas" ni kazi yake. Lakini hata sisi tuko na kitu cha kutenganisha. Kiswahili cha kitabu kina hu-: mama huuza ndizi. Na Kiswahili chetu cha Goma, Bukavu na Uvira kina -ka ya mwisho: "Mama anauzishaka ndizi." Walimu wengi waliwahi kutukataza hiyo -ka kwamba ni Kiswahili kibovu. Sawa, kwenye insha ya shule msiiandike. Lakini kwenye kibaraza chetu ina kazi. Tunamuuliza mtoto, ni "-ka" au siyo "-ka"? Akisema "-ka", anachagua "sells". Hakosei.

Sasa tuje kwa jambo ambalo tunaomba wakubwa wa mashirika walisome mara mbili.

Ninyi mnajua, katika familia zetu nyingi mtoto ndiye mkalimani wa nyumba. Mama hajui Kiingereza, mara nyingine hata Kinyarwanda hajakizoea, basi anamshika mkono mtoto wa miaka kumi na kwenda naye kila mahali. Mtoto mmoja wa darasa letu alimsindikiza mama yake mahali fulani pa huduma. Mgeni aliyewapokea hakujua Kiswahili. Akamuuliza mtoto: "Your mother doesn't have a card?" Mtoto akajibu "Yes." Mgeni akaandika kwamba kadi ipo, akawaambia waende waje nayo. Kadi haikuwepo, ndiyo hasa walikuwa wamekuja kuiomba. Walirudi Busanza kwa miguu. Mama alimgombeza mtoto njia nzima, na mtoto hakujua amekosea nini.

Hakusema uongo. Alijibu kwa sarufi ya kwao. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Mama yako hana kadi?" unajibu "Ndiyo", maana yake: ulivyosema ni kweli, hana. Tunajibu maneno ya muulizaji. Kiingereza hakijali swali limekuja na sura gani, kinaangalia kitu chenyewe: kadi ipo, "yes"; kadi haipo, "no". Kwa hiyo jibu sahihi lilikuwa "No, she doesn't." Neno moja dogo, na wiki ya mama imepotea.

Kuna na hili la "he" na "she". Sisi tuko na "yeye" peke yake, na Kinyarwanda na Kirundi navyo havigawi mwanaume na mwanamke. Mtoto anasema "My mother, he is sick", na anayeandika anaanza kutafuta baba. Tukiwa darasani hili ni kosa la chaki, tunafuta. Kwenye fomu halifutiki kirahisi.

Ndiyo maana tunaomba mambo matatu kwenu mnaofanya kazi na familia zetu. Moja, msiulize mtoto swali lenye kukana ndani yake. Semeni "Do you have a card?" halafu mtaona jibu linanyooka. Mbili, akishajibu, mwambieni aseme sentensi nzima, msichukue "yes" peke yake. Tatu, kwa mambo mazito, ya ugonjwa, ya vifo, ya yaliyotokea njiani tukikimbia, tafuteni mtu mzima wa kutafsiri. Hata mtoto anayejua kila wakati wa kitenzi hapaswi kuwa yeye wa kutamka "my father was killed" mbele ya mama yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na vijana wa kutafsiri wapo mtaani. Tuiteni.

Kwa ninyi vijana wenzetu mnaotaka kuanzisha darasa kama hili, kwenye kibaraza chenu, haihitaji mradi mkubwa. Chukueni kanuni moja kwa siku, msichanganye mbili. Anzeni na sentensi ambayo mtoto ameitoa mwenyewe kwa lugha yake, maana sentensi ya kitabu juu ya theluji haimfikishi popote. Waongee kabla ya kuandika. Mtoto akikosea, msimkatize. Rudieni sentensi yake ikiwa imenyooka na mwendelee na maongezi, sikio litashika. Na sisi tuko na sheria moja ya kibaraza: anayecheka kosa la mwenzake, anasimama atunge sentensi yake mwenyewe kwa kanuni hiyo hiyo. Kicheko kimepungua sana.

Wazazi nao wasisahauliwe. Kuna wazazi wanaokataza Kiswahili nyumbani wakidhani kinazuia Kiingereza. Tunawaomba waache. Ukimnyang'anya mtoto lugha aliyo nayo, umemvunjia daraja akiwa katikati ya mto. Mtoto anayeweza kusimulia vizuri kwa Kiswahili, akajua kipi kilianza na kipi kilifuata, ana kitu cha kupeleka kwenye Kiingereza. Asiye na hadithi hata "a" na "the" atazitumia wapi?

Na walimu wa shule tuwaheshimu. Wengi wao walisoma wenyewe kwa Kifaransa, halafu 2008 ikawakuta wako kazini tayari, wakalazimika kujifunza lugha mpya huku wanafundisha. Wanajua uchungu huo. Mwalimu wa yule msichana, tulipomweleza habari yake, alianza kumwita ubaoni kwenye hesabu, mahali ambapo ana nguvu, na akamwachia aeleze kidogo kwa Kiingereza, kidogo kwa Kinyarwanda chake cha kujifunza.

Mtauliza amefika wapi. Bado yuko P4 na bado anawapita wenzake kwa urefu. Bado anasema "he" kwa mama yake siku akiwa na haraka. Muhula uliisha na mama hakumtoa. Mtoto mchanga sasa tunamshika kwa zamu hapo kibarazani, anapenda sana kula chaki, tunamnyang'anya.

Ndugu zetu mlio Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa, na ninyi wa mbali mlio Nakivale na Kakuma, tuandikieni. Watoto wenu wanakwama wapi, na mliwavusha kwa daraja gani? Sisi bado hatujapata njia nzuri ya kufundisha "has been". Mwenye nayo atuletee kabla ya Jumamosi.